Naomba ushauri: siga nzito ya daraja la juu kwa bei nafuu hapa Nairobi

Mkaazi wa Ngara: Wakuu, salaam. Natafuta siga nzito, yaani kali, zilizosokotwa kwa mkono nimpe mjomba wangu anayestaafu, naye hupenda zile zenye ladha ya kahawa chungu na pilipili manga. Muuzaji mmoja hapa mjini ananipa boksi la siga 25 za Cohiba, ile chapa maarufu ya Kuba, lenye kifuniko cha kioo, kwa shilingi 6,000. Je, ninunue?

Mzee wa Parklands: Usinunue, mwanangu. Kifuniko cha kioo peke yake kinatosha kukuonyesha kwamba hizo ni bandia, na tangu bei ya Cohiba ipandishwe sana mwaka 2022, fedha hizo hazikaribii hata kidogo bei ya boksi zima. Boksi halisi la Kuba hubandikwa muhuri wa serikali yao, na kwenye kitako cha boksi huwa pamepigwa chapa ya “Hecho en Cuba” (imetengenezwa Kuba) na “Totalmente a mano” (kwa mkono kabisa). Angalia pia stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

Mama Siga: Namuunga mkono Mzee. Kaka, achana na jina maarufu, kwa kuwa ukali wa siga hutokana zaidi na ligero, yaani majani ya juu ya mmea, ambayo hupigwa na jua kuliko mengine na huchachushwa kwa muda mrefu zaidi ndipo yavutike vizuri. Nikaragua, hasa mji wa Estelí, inasifika kwa siga za namna hiyo. Ulizia zile zinazouzwa kwa mafungu bila boksi la mbao: baadhi yake hutoka katika viwanda vinavyotengeneza siga za bei kubwa, ila zilitengwa kwa sababu rangi ya jani la nje haikulingana. Mimi naona hapo ndipo penye unafuu wa haki. Sharti moja tu, majani ya ndani yawe marefu, kwani vipande vipande huungua upesi na kuleta uchungu mdomoni.

Mkaazi wa Ngara: Asanteni sana. Nikiyapata mafungu hayo, nitajuaje kwamba hayajaharibika dukani?

Mama Siga: Omba ruhusa uiminye moja taratibu kwa vidole, iliyo nzima hunepa kidogo kisha hurudi, na iliyokauka hutoa mlio wa kukatika. Hewa yetu huwa kavu mno Januari na Februari, kwa hiyo zitie katika chombo kisichopitisha hewa pamoja na pakiti ya kutunza unyevu wa hewa kwenye asilimia 69, na ukiweza zipumzishe wiki kadhaa kabla ya kumkabidhi mjomba.