Hekalu la Somnath: hadithi ya mwezi, maji kujaa na kupwa, na usiku wa Shivaratri kwa saa za Dar

Mtembeza_Kisutu

Heshima kwenu wakuu. Naandaa maelezo ya matembezi ya mjini kwa wanafunzi wa kidato cha nne, na njia yetu inapita Kisutu kwenye mahekalu ya Wahindu. Picha ya Somnath imo kwenye kalenda za maduka mengi ya Wagujarati, kwa hiyo najua wataiuliza. Naomba wenye kujua wanisaidie. Hadithi ya mwezi na mungu Shiva inasemaje hasa? Kwa nini watu wakizunguka linga, ile nguzo ya jiwe iliyo alama ya Shiva, hufika mahali wakageuka na kurudi walikotoka? Habari ya sanamu iliyoelea hewani kwa sumaku ni ya kweli? Na mwanafunzi akitaka kupeleka maua siku ya Shivaratri, ule usiku mkuu wa Shiva, apeleke yapi? Nawasilisha.

BandariKongwe

Mkuu, anza na bahari, maana Somnath ni hekalu la pwani kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Liko Prabhas Patan, karibu na mji wa Veraval, kusini mwa rasi ya Saurashtra huko Gujarat. Linahesabiwa la kwanza kati ya jyotirlinga 12, yaani mahali ambapo Shiva huaminika alijidhihirisha kama nguzo ya mwanga.

Soma, mungu wa mwezi, aliwaoa mabinti 27 wa Daksha. Hao 27 ndio vituo ambavyo mwezi hupitia angani, takriban kimoja kila usiku. Soma akanogewa na Rohini peke yake, wenzake akawatelekeza, nao wakashtaki kwa baba yao. Daksha alimwonya, hakusikia, basi akamlaani akonde mpaka aishe. Miungu wakamwelekeza Prabhas, akaoge pale mito inapoingia baharini na kumwabudu Shiva. Hapa ndipo wasimulizi wengi huteleza: wanasema Soma alipona. Hakupona. Laana ya Daksha haikuweza kufutwa, Shiva aliigawa tu, siku 15 za kukonda na siku 15 za kunenepa. Kisha akauweka mwezi mwembamba kwenye nywele zake, ndiyo ile hilali unayoiona kwenye picha. Husimuliwa pia kwamba Soma alimjengea hekalu la dhahabu, Ravana, mfalme wa majitu, akajenga la fedha, mungu Krishna la msandali, na mfalme Bhimdev la mawe.

Sasa ongeza msomi Al-Biruni, aliyeandika kitabu chake juu ya India karibu mwaka 1030, miaka michache baada ya Sultani Mahmud wa Ghazni (Afghanistan ya leo) kulivunja hekalu mwanzoni mwa 1026. Anaeleza kuwa mwezi ukichomoza na ukitua, maji yalijaa na kulifunika linga. Ukifika utosini, na tena ukiwa chini ya miguu upande wa pili wa dunia, maji yalikupwa na linga likaonekana. Watu wakasema mwezi unamwosha bwana wake. (Saa hizo ni za pale. Usizipeleke Feri, kila bandari ina saa zake za kujaa.) Anataja maji yaliyoletwa kila siku kutoka mto Ganges na maua kutoka Kashmir. Na sababu anayoitoa ya umaarufu wa Somnath ndiyo ya kuwasomea watoto wa Dar: palikuwa bandari ya mabaharia, na kituo cha waliosafiri kati ya Sofala katika nchi ya Zanji na China. Nchi ya Zanji ndiyo pwani hii yetu.

Sumaku iseme kama ngano. Imo kwa Al-Qazwini, mtu wa karne ya 13. Al-Biruni aliyeishi Ghazni zama za Mahmud hana habari hiyo. Yeye anaeleza linga la jiwe lililovunjwa, na vipande vilivyopelekwa Ghazni.

Tafadhali usiishie 1026, watoto wakadhani historia ya pale ni ugomvi tu. Mwaka 1264 mwenye meli kutoka Hormuz, Nuruddin Firuz, alijenga msikiti pale pale Somnath, na maandishi ya Kisanskriti na Kiarabu yaliyobaki yanaonyesha wakubwa wa mji Wahindu wakishiriki kumpatia ardhi. Hekalu la sasa ni la baada ya uhuru wa India. Naibu Waziri Mkuu Vallabhbhai Patel alitangaza ujenzi Novemba 1947, mchoro ni wa Prabhashankar Sompura, na Rais Rajendra Prasad aliongoza kuliweka linga tarehe 11 Mei 1951.

JaniTatu

BandariKongwe kamaliza ya pwani, mimi nichukue ya ndani.

Linga limekaa juu ya kitako chenye mfereji mdogo wa kutolea maji, na mdomo wa mfereji huelekezwa kaskazini. Maji na maziwa yaliyomwagiwa linga hupita hapo, nayo ni matakatifu, hayarukwi wala kukanyagwa. Kwa hiyo mtu huanza mbele, karibu na Nandi, yule ng'ombe dume anayemtazama bwana wake. Hutembea linga likiwa kuliani kwake mpaka kwenye mfereji, husimama, hugeuka, hurudi njia ile ile. Waambie pia wasisimame kati ya Nandi na linga wala kukata mbele yake. Hilo ndilo kosa la wageni kuliko yote, kwa sababu ndiyo nafasi nzuri ya kupiga picha. Na picha kwanza uliza. Somnath yenyewe simu na kamera haziingii kabisa.

Maua. Dada zetu wa pwani wakisikia maua wanafikiria kikuba, na hapo pana tatizo. Miungu Brahma na Vishnu waligombea ukubwa, Shiva akatokea kama nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Vishnu alichimba kwenda chini akakubali kushindwa. Brahma alipaa juu, akakutana na ua la ketaki likianguka, akaliomba lishuhudie kwamba amefika kileleni. Shiva akalikataza ua hilo kwenye ibada yake kwa ushahidi wa uongo. Ketaki ni jamaa ya mkadi wetu. Rehani nayo ni jamaa ya tulasi, ambayo ni ya Vishnu na haiwekwi kwa Shiva. Kwa hiyo kikuba chenye mkadi na rehani kibaki nyumbani. Asumini nyeupe inafaa, bila manukato ya chupa. Manjano na kumkumu (unga mwekundu wa ibada) navyo havipakwi kwenye linga, hupakwa majivu au msandali.

Kilicho bora kuliko ua lolote ni jani la mti wa bilva, lenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. Lisiwe limetoboka wala kupasuka, kijundu cha mwisho wa kikonyo kikatwe, na upande laini ulale chini juu ya linga. Mapokeo hayaruhusu kulichuma siku ya 14 ya mwezi wala Jumatatu, basi huchumwa mapema na kufungwa kwenye kitambaa chenye unyevu. Likikosekana, jani lililokwisha kutolewa huoshwa na kutolewa tena. Hilo linaruhusiwa.

Mtembeza_Kisutu

Nashukuru sana wakuu. Habari ya mkadi sikuitegemea. Limebaki moja: wanasema usiku wa Shivaratri una zamu nne za ibada. Zinaanza saa ngapi hapa kwetu? Ratiba nilizokuta mtandaoni zote ni za India.

Tithi_na_Saa

Ratiba za India zitakupoteza, na si kwa sababu moja.

Shivaratri ni usiku wa 14 wa mwezi unaokonda, katika mwezi wa Magha kwa hesabu ya Gujarat. Mwaka 2026 ni 15 Februari. Siku hiyo ya mwezi huanza na kuisha kwa wakati mmoja duniani kote, kwa hiyo muda wa India unautoa saa 2 na dakika 30 tu. Lakini zamu hupimwa kwa jua la mahali ulipo, kutoka kuchwa hadi kucha, na hapo kutoa saa hakusaidii. Katikati ya Februari jua la Dar huchwa karibu saa 12:45 jioni na kuchomoza karibu saa 12:28 asubuhi. Usiku ni saa 11 na dakika 43. Gawa kwa nne, kila zamu ina kama saa 2 na dakika 56. Ya kwanza inaanza saa 12:45 jioni, ya pili saa 3:41 usiku, ya tatu saa 6:37, ya nne saa 9:33 mpaka kunapambazuka. Katikati ya usiku, saa 6:37, ndipo penye uzito, na siku ya 14 lazima iwe bado inaendelea saa hiyo. Ikiisha baada ya usiku wa manane wa India lakini kabla ya wa kwetu, tarehe huweza kuleta mjadala, hapo mfuate pujari (kuhani) wa hekalu mnalokwenda.

Kwa kawaida zamu ya kwanza ni maziwa, ya pili mtindi, ya tatu samli, ya nne asali. Wanafunzi wakikesha mpaka saa 11 alfajiri waonyeshe mashariki. Uzi mwembamba wa mwezi huchomoza muda mfupi kabla ya jua, ndiyo Soma akiwa amekonda karibu kuisha.

JaniTatu

Nyongeza kwa watakaosaidia jikoni. Mchanganyiko wa vitu vitano kwa linga dogo: maziwa kikombe kimoja, mtindi robo kikombe, sukari vijiko viwili, asali vijiko viwili, samli kijiko kimoja. Asali na samli visilingane, ni sharti la tiba ya Ayurveda. Msitumie chombo cha shaba nyekundu, mtindi huila shaba ukageuka kijani; shaba ni ya maji peke yake. Kwa joto la Februari usichanganywe mchana, utachacha kabla ya zamu ya pili. Sehemu ya kunywewa itengwe kabla ya kumwagia linga. Baada ya samli mwagieni maji ya uvuguvugu, la sivyo inaganda kwenye mfereji, maziwa yanatuama nyuma yake, na kabla ya alfajiri sisimizi wameshajipanga.