Mjadala: Fate Marable ni mwasisi wa jazi au alikuwa mnyapara wa wenye meli?

Wadau, ukiuliza nani waliianzisha jazi utatajiwa Buddy Bolden, King Oliver, Jelly Roll Morton na Louis Armstrong. Fate Marable, mpiga piano na kiongozi wa bendi za melini, akitajwa ni kama mtu aliyewahi kumpa Armstrong, yule mpiga tarumbeta, kibarua, basi. Mimi nasema anastahili kuhesabiwa pamoja nao. Anayepinga aje na hoja.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa Paducah, Kentucky, mwaka 1890, na piano alifundishwa na mama yake. Mwaka 1907, angali kijana mdogo, aliajiriwa kwenye J.S., meli ya mvuke ya familia ya Streckfus iliyokuwa ikizungusha abiria kwa starehe na dansi katika Mto Mississippi. Maisha yake mengine karibu yote yalipita kwenye meli za familia hiyo.

Na ilikuwa kazi ya jasho. Meli ikikaribia mji, Marable alipanda sitaha ya juu kupiga kaliope, kinanda cha filimbi zinazolia kwa mvuke, ili watu wote wajue leo kuna dansi. Vitufe vilikuwa vya moto na matone ya mvuke yanamrukia, kwa hiyo alivaa glavu na koti la mvua. Akimaliza huko juu anateremka ukumbini kuongoza bendi.

Hoja yangu kubwa ni ualimu wake. Armstrong alipojiunga naye mwaka 1919 alikuwa na kipaji cha ajabu, ila nota zilikuwa zinampiga chenga. Marable hakukubali mpigaji wa kubahatisha. Ni ndani ya bendi hiyo ndipo mwenzao David Jones alipomkalisha Armstrong chini na kumfundisha kusoma nota. Mwaka 1924 Armstrong anaitwa New York na Fletcher Henderson, ambaye bendi yake ilipiga muziki ulioandikwa. Bila ile shule ya mtoni angeingiaje pale? Wanamuziki wenyewe walikuwa wakimwambia mwenzao aliyechukuliwa na Marable kwamba anakwenda chuo cha muziki.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, heshima yako, lakini umeruka mambo mazito. Meli zile zilikuwa za ubaguzi. Weusi wanapiga, weupe wanacheza, pale St. Louis weusi walitengewa usiku wa Jumatatu. Wenye meli ndio walioamua hata mwendo wa mapigo, na Marable alikuwa mkono wao. Armstrong na mpiga ngoma Baby Dodds waliondoka mwaka 1921 kwa sababu walichoka kuelekezwa namna ya kupiga. Inasimuliwa pia kwamba Marable akitaka kumfukuza mtu alimwekea shoka kwenye kiti, mwenyewe akija alikute. Huyo ni mwalimu au mnyapara? Halafu santuri yake ni moja tu, ya mwaka 1924, nyimbo mbili. Mwasisi tunampima kwa alichotunga, na hapa sioni kitu.

Mleta mada:

Ndugu yangu, la ubaguzi sikupingi hata kidogo, na linaniuma. Ila tuwe waangalifu tusimbebeshe mwajiriwa mzigo wa mwenye mali. Marable naye alikuwa mtu mweusi chini ya amri hizo hizo, na ndani ya nafasi hiyo finyu aliwafungulia mlango vijana wa New Orleans, mji ilikozaliwa jazi, wapate mshahara wa uhakika na kufika miji ya juu ya mto ambayo muziki wao ulikuwa haujafika. Hilo la shoka ni ukatili, silitetei.

Ninapokataa kabisa ni kwenye kipimo chako cha santuri. Bolden hana hata moja tunayoweza kuisikiliza leo, na hakuna anayemwondoa kwenye orodha. Tunamkumbuka kwa walioguswa naye. Kwa kipimo hicho hicho mtazame Marable: wanamuziki wa jazi kama Pops Foster, Johnny St. Cyr, Zutty Singleton, Red Allen, wote walipita kwake. Miaka ya 1930 akapita Jimmy Blanton, kijana wa besi, ambaye mwaka 1939 alichukuliwa na Duke Ellington na kubadilisha kabisa namna chombo kile kinavyopigwa. Hapo Armstrong alikuwa ameshaondoka miaka mingi, na Marable bado yuko mtoni anafundisha.

Kwa hiyo nijibu, mkuu, na wengine mchangie: kama Bolden anaingia bila santuri, Marable anazuiwa na nini?