Hivi Uyahudi ni dini au ni kabila? Wale wa Mbale tunawaweka wapi?

Kahawa Chungu (mleta mada)
Wakuu heshima kwenu. Mimi natembea sana Mbale kule Uganda kufuata kahawa ya Mlima Elgon, na safari iliyopita nikalala kwa mteja wangu pale kilima cha Nabugoye, siku ya Ijumaa. Naingia ndani naona kwenye mwimo wa mlango kamkebe kamegongomelewa upande upande, kila anayepita anakagusa halafu anabusu vidole. Nikajua hirizi hii. Mzee akacheka, akaniambia ndani kuna kipande cha ngozi kimeandikwa Kiebrania kwa mkono, "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja", Kumbukumbu la Torati sura ya 6, na pale chini si imeagizwa uyaandike juu ya miimo ya nyumba yako, basi sisi tumeandika. Jua likazama, mishumaa inawaka, mkate wa kusuka umefunikwa kitambaa, zaburi zinaimbwa kwa Kiganda, simu zimezimwa mpaka kesho yake jioni.

Hao ndo Abayudaya, Wayahudi wa Uganda tangu 1919. Nimerudi nikasimulia kijiweni, jamaa mmoja akanikata kauli, "hao wamejipachika tu, Myahudi anazaliwa". Mimi nasema Myahudi anazaliwa NA anaingia, mlango upo tangu zamani, ugomvi wote ni nani anashika ufunguo. Karibuni tujadili, ila siasa za Gaza tafadhali zifungulieni uzi wake.

Mtumishi77
Mkuu umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wayahudi ni uzao wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, makabila 12, basi. Huyo Semei Kakungulu wenu aliyewaanzisha hao wa Mbale alikuwa mbabe wa vita wa Kiganda, kawapigania Waingereza kateka nchi yote ile ya mashariki akitegemea watamwachia atawale, walipombania akasusa, akahamia kwa Wamalaki wale waliokuwa wanakataa dawa za hospitali, nako akawashinda kwa kusoma Agano la Kale mpaka akajitahiri yeye na wanawe. Sasa kama kutahiriwa ndo Uyahudi, Wakurya wote kesho wapande ndege waende Yerusalemu.

Ustadh wa Chumbageni
Hahaha Wakurya hapana. Lakini ndugu yangu Mtumishi hapo kwa Ibrahim umeteleza. Sisi tunasoma katika Qur'ani, sura ya Ali Imran aya ya 67 kwamba Ibrahim hakuwa Yahudi wala Nasara. Na hata ukiweka imani pembeni, neno lenyewe Yahudi limetoka kwa Yuda, ni watu wa ule ufalme wa kusini. Ufalme wa kaskazini wa Israeli uliangushwa na Waashuri mwaka 722 KK, Yuda ukaja kuangushwa na Babeli 586 KK, waliobaki na jina ndo hao wa Yuda. Kwa hiyo Ibrahim kuitwa Myahudi ni kama kumwita Kinjeketile Mtanzania.

Kahawa Chungu
Ustadh umenisaidia. Mtumishi wewe mtu wa Biblia, nakuuliza kitu kimoja tu. Ruthu alikuwa kabila gani? Mmoabu. Akamwambia mama mkwe wake "watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu". Angalia alivyoanza, watu kwanza halafu Mungu. Na huyo ndo bibi mzaa babu wa Daudi, mfalme wao mkubwa kuliko wote. Damu tupu iko wapi hapo?

Mchimba Vigae
Naongezea kidogo, maana watu wanaongea kama vile Uyahudi ulishuka umekamilika Sinai na marabi wake na mkate wa kusuka. Jina Israeli nje ya Biblia linaonekana mara ya kwanza kwenye jiwe la Farao Merneptah, kama 1208 KK, akijisifu kawafyeka. Baada ya hapo ni safari ndefu sana. Mfano ninaoupenda mimi uko hapa hapa Afrika, kisiwa cha Elephantine ndani ya Nile karibu na Aswan. Karne ya 5 KK kulikuwa na askari wa Kiyahudi wanalinda mpaka kwa niaba ya Waajemi, na walikuwa na hekalu lao wenyewe! Wakati Torati inataka sadaka zitolewe mahali pamoja tu. Mwaka 410 KK makuhani wa mungu Khnum wa Misri wakachochea likabomolewa, jamaa wakaandika barua Yerusalemu na kwingineko kuomba kibali wajenge upya, barua za mafunjo zipo mpaka leo zinasomeka.

Sasa hao walikuwa Wayahudi au siyo? Wenyewe wanajiita Wayahudi. Ukiwapima kwa kipimo cha rabi wa leo wanafeli asubuhi na mapema. Uyahudi tunaoujua, wa sinagogi, maombi na kusoma, umekaa sawa baada ya Warumi kuchoma Hekalu mwaka 70 BK, makuhani wamekosa kazi, walimu wa sheria wakashika usukani, na Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, ikakusanywa kama mwaka 200 BK. Kwa hiyo anayesema "Wayahudi halisi" aseme wa mwaka gani.

Mama Mluguru
Nyie wanaume mnabishana damu damu, hata hamjauliza damu ya nani. Kwa sheria yao mtoto anafuata mama. Baba awe rabi mkuu, mama kama si Myahudi mtoto siyo, iko kwenye Mishna hiyo. Mimi kwetu Uluguru halinipi shida, mtoto ni wa ukoo wa mama na shamba linatoka huko, mjomba ndo mwenye sauti. Ila ninyi Wachaga na Wahaya hapo mnakwama. Na wenyewe hawajakubaliana, tawi lao la Reform kule Marekani tangu 1983 linamkubali na mtoto wa baba Myahudi kama amelelewa humo, Waothodoksi hawataki hata kusikia.

Dada wa Nakuru
Samahani nawarudisha nyuma. Wanaamini nini hasa? Mimi nimekulia kanisa ambalo ukisema Imani ya Mitume umemaliza, wao credo yao iko wapi?

Mchimba Vigae
Dada hapo ndo patamu. Hawana kitu kama hicho ambacho usipokikiri unatolewa nje. Maimonide, mwanazuoni wao wa karne ya 12, aliandika misingi 13, Mungu ni mmoja, hana mwili, Torati imetoka kwake, Masihi atakuja, wafu watafufuliwa, na wako waliombishia. Uzito uko kwenye kutenda, amri 613 kwa hesabu yao, Sabato, chakula, tohara, haki ya maskini na mgeni. Habari za mbinguni na jehanamu hawazisemi sana, utashangaa.

Kuna kisa kwenye Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi, nakipenda. Marabi wanabishana kuhusu tanuri, ni safi au najisi. Rabi Eliezeri yuko peke yake, anasema kama nina haki mti ule usogee, ukasogea. Mfereji urudi nyuma, ukarudi. Mwisho sauti ikatoka mbinguni, Eliezeri ana haki! Rabi Yoshua akasimama akasema Torati haiko mbinguni, yaani tulishapewa, sasa tunaamua sisi kwa wingi wa kura. Na wakampiga chini Eliezeri. Dini ambayo Mungu mwenyewe anashindwa kura, halafu mtu wa kijiweni anataka amalize swali la nani Myahudi kwa sentensi moja!

Mtumishi77
Sawa Ruthu nimekubali, sitabisha na Maandiko. Lakini jibuni hili bila chenga, kama hao wa Mbale ni Wayahudi mbona wizara kule Israeli imewakatalia wengine uraia? Mwenye nyumba hawatambui, wewe mpita njia unawatambua kama nani?

Kahawa Chungu
Swali zuri, ila mwenye nyumba ni nani sasa, ndo nilisema tangu juu. Mwaka 2002 lilikuja baraza la marabi wa tawi la Conservative, wakawapitisha karibu watu 400 rasmi. Utaratibu ni huu, unahojiwa mbele ya watu watatu, unazamishwa majini mwili mzima, na mwanamume ambaye alishatahiriwa zamani anatolewa tone moja la damu pale pale (nilipouliza kama inauma mzee akanijibu "kidogo kuliko Amin"). Maana Amin aliupiga marufuku Uyahudi miaka ya 70, walikuwa kama 3,000 wakabaki mia chache, wengine wakageuka Wakristo au Waislamu, waliobaki wakawa wanasali kwa kujificha. Rabi wao Gershom Sizomu akaenda kusoma Los Angeles akasimikwa 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge. Mwaka huo huo Jewish Agency, shirika linaloshughulikia Wayahudi wanaohamia Israeli, ikawatambua. Lakini wizara ikawakatalia wengine uraia. Kwa hiyo Mtumishi, Myahudi mmoja anawatambua, mwingine hawatambui, na wote wana funguo.

Halafu serikali yenyewe inajichanganya. Kulikuwa na mtawa Mkatoliki, Oswald Rufeisen, kazaliwa Poland kwa mama Myahudi, akaomba uraia kwa ile Sheria ya Kurudi ya 1950, inayompa Myahudi haki ya kuhamia Israeli. Kwa sheria ya marabi ni Myahudi hata akivaa msalaba. Mahakama Kuu ya kwao mwaka 1962 ikamkatalia, kisa kaingia dini nyingine. Sasa niambie, huyo ana damu yote unayoitaka wewe na kakataliwa. Na Waethiopia wa Beta Israeli walibishiwa miaka na miaka mpaka rabi mkuu Ovadia Yosef akawatambua mwaka 1973, ndo mbele yake Mei 1991 wakachukuliwa zaidi ya 14,000 kwa saa 36 tu, ndege zimeng'olewa viti.

Mtumishi77
Haya. Wa Ethiopia wana historia ndefu, siwafananishi na wa juzi. Wa Mbale nawaita waongofu, neno Wayahudi bado linanikwama kooni.

Mama Mluguru
Sheria yao hiyo hiyo inakataza kumkumbusha mwongofu kwamba ni mwongofu 😂

Ustadh wa Chumbageni
Kahawa, nimeona Sabato inaingia jua likizama. Sasa kule Mbale saa ngapi? Nina mzigo wa kufuata kwa mmoja wao Ijumaa.

Kahawa Chungu
Ustadh wahi mapema. Mishumaa wanawasha dakika 18 kabla ya machweo na pale karibu na ikweta machweo hayachezi, saa kumi na mbili na nusu na kitu mwaka mzima. Saa kumi ukiwa bado hujapakia, utalala mpaka Jumamosi usiku kama mimi, na mizani hakuna wa kuigusa.