Rayquaza amenitoroka mara tisa, naombeni mbinu kabla ya Jumapili

Kipepeo_Bubu (mtoa mada):
Wakuu, habari za wakati huu. Naombeni msaada wa haraka, kichwa kimejaa.

Niko kwenye Pokémon GO, ule mchezo wa simu wa kukamata wanyama wa kubuni (Pokémon), namwinda joka Rayquaza. Nimeingia reidi tisa (mapambano ya kundi dhidi ya Pokémon mmoja mkubwa, mkishinda mnapewa mipira ya kumkamata) na kundi la watu sita saba tunaokutana, zote tumeshinda, na zote tisa kanitoroka. Ya mwisho ilikuwa jana usiku. Nilibakiwa na mpira mmoja, nikamlisha Golden Razz Berry, lile tunda la dhahabu la kumlainisha akamatike, nikarusha. Ukatikisika mara moja, ukatikisika ya pili... akatoka. Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

Nataka kujua timu gani inamwangusha haraka ili nipate mipira mingi, na mpira wenyewe unarushwaje. Kuna jamaa namfahamu, yeye kamkamata wa CP (alama za nguvu) 3012 kwenye reidi, mpira wa kwanza tu. Ni bahati au kuna siri? Lazima niwe naye kabla ya Jumapili. Sababu zipo.

Jirani_Mtata:
Nimekaa siti ya mbele. Waje wataalamu.

Babu_wa_Reidi:
Pole mkuu. Mimi 2018 nilipata ule mwaliko maalumu wa reidi ya Mewtwo, enzi zile huingii mpaka mchezo wenyewe ukuchague, na unapangiwa siku na saa. Wiki nzima nahesabu siku. Siku imefika, nimefika mapema, tumempiga, nimepata mipira, narusha wa kwanza, simu ikazima. Chaji. Nilipoiwasha reidi ilishafungwa. Kwa hiyo unaposema mara tisa, mimi nasema wewe angalau ulirusha.

MamaDratini:
Babu, kila uzi unaileta hiyo simu yako.

Mtoa mada, taja timu yako ya Pokémon sita. Pokémon gani, wana mapigo gani. Bila hapo tutakuwa tunapiga ramli.

Kipepeo_Bubu:
Dragonite wanne na Salamence wawili. Wote wana mapigo ya joka. Nimesoma kwamba joka humuumiza joka, kwa hiyo kwenye timu niko sawa, shida yangu ni kukamata. Hata hivyo jana nimempandisha Dragonite mmoja kutoka kiwango cha 40 hadi 50 ili nijihakikishie.

MamaDratini:
Subiri kwanza. 40 hadi 50 ni vumbi la nyota 250,000 na pipi XL 296, yaani akiba ya kupandishia viwango. Umelipa zote hizo jana?

Kipepeo_Bubu:
Ndiyo. Nilikuwa na 310,000.

MamaDratini:
Mungu wangu.

Haya, sikiliza kaka. Ni kweli pigo la joka linampata Rayquaza mara 1.6. Lakini yeye ni joka na ni mrukaji kwa pamoja, na aina zote hizo mbili zinaogopa barafu, kwa hiyo barafu inampata mara 2.56. Halafu yeye akiwa na mapigo ya joka, Dragon Tail na Outrage, anawafyeka majoka wako kwa ile ile 1.6. Unapeleka kuni kuzima moto. Kiwango cha 50 kimemwongezea Dragonite wako kama asilimia 6 tu ya nguvu za kupiga. Kwa vumbi hilo hilo ungekuwa umewainua Mamoswine kadhaa wenye mapigo ya barafu, Powder Snow na Avalanche, mpaka kiwango cha 30 na kitu, na wangemla huyo mnyama kabla hujamaliza kupiga miayo. Weavile pia anafaa, ila hana mwili, anakufa haraka.

Una Piloswine? Unahitaji jiwe la Sinnoh Stone na pipi 100 kumgeuza awe Mamoswine.

Kipepeo_Bubu:
Piloswine wapo, na Sinnoh Stone zipo tatu. Lakini Dragonite siwezi kumweka pembeni. Yule alianza akiwa Dratini, amepewa na jina, anaitwa Kigogo. Na mimi sioni kosa, mbona tunashinda?

Nyota_Njema:
Mnashinda kwa sababu mko saba, mkuu. Watu wengine wanakubeba na hawasemi. Mipira inatokana pia na mchango wako na kasi ya kumaliza. Wewe ulipata mingapi?

Kipepeo_Bubu:
Tisa, kumi. Siku moja minane.

Nyota_Njema:
Umeona?

Mzee_wa_Busara:
Nimesoma mpaka hapa na nasikitika. Mtu mzima anakosa usingizi kwa ajili ya joka la kijani kwenye simu. Kizazi hiki kimepotea. Kwanza ni hatari, watu wanatembea wameinamia simu barabarani.

Jirani_Mtata:
Mzee, na wewe umesoma mpaka hapa.

Kobe_Asiyechoka:
Niongelee kurusha, maana ndilo swali lake na kila mtu kalikwepa.

Rayquaza kiwango chake cha kukamatika cha msingi ni asilimia 2. Mpira uliotupwa ovyo unakupa chini ya hapo. Golden Razz Berry inazidisha mara 2.5, kupinda mpira mara 1.7, kisha inakuja Excellent (mpira kupita ndani ya duara likiwa dogo kabisa; Great ni ya chini yake), kisha medali zako za aina ya joka na mrukaji. Ukivipata vyote kwenye mpira mmoja unafika kama asilimia 15. Maana yake hata mtu anayepiga Excellent kumi mfululizo anaweza kumkosa, takriban mara moja kati ya tano. Kwa hiyo usijione umelogwa. Ila kama ulikuwa unarusha mipira iliyonyooka, hapo ulijiroga mwenyewe.

Sasa mkono. Shika mpira, usirushe. Tazama duara lililo juu ya mnyama linavyosinyaa. Likifika saizi unayoitaka, ndogo, achia kidole taratibu mpira ubaki pale pale. Duara limeganda kwenye saizi hiyo. Sasa usiguse kitu. Subiri ashambulie. Akianza kushambulia, shika mpira, uzungushe mpaka utoe cheche, na akikaribia kumaliza rusha. Unataka mpira ufike pale anapotulia, duara linarudi likiwa vile vile ulivyoliacha. Ukiwahi ataupiga mpira ukarudi. Mwanzoni utapoteza miwili mitatu kujua umbali wake, kila mnyama ana umbali wake. Ukikuta hajashambulia sekunde kumi, usikate tamaa ukarusha tu. Hapo ndipo wengi wanapofia.

Na tunda la dhahabu kila mpira. Usiliwekee akiba la mpira wa mwisho.

Kipepeo_Bubu:
Asante sana mkuu Kobe. Mimi nilikuwa narusha duara likiwa linacheza, nabahatisha. Tunda nilikuwa natumia kwenye mitatu ya mwisho tu. Ila sina uhakika nitaweza kujifunza kwa pasi za kuingilia reidi zilizobaki.

Kobe_Asiyechoka:
Zimebaki ngapi?

Kipepeo_Bubu:
Mbili.

Kobe_Asiyechoka:
Si ununue nyingine kwa sarafu za mchezo, au uchukue ile ya bure ya kila siku?

Kipepeo_Bubu:
Ya bure nitaichukua. Za kununua, sarafu si zangu.

MamaDratini:
Si zako za nani?



Kipepeo_Bubu:
Sawa, niseme. Akaunti si yangu. Ni ya mdogo wangu. Yuko kwenye mitihani bweni, simu hawaruhusiwi, akaniachia nimkamatie Rayquaza mmoja tu, kwa sababu hataki nafasi ya kumpata impite. Aliniachia pasi 11. Anarudi Jumapili.

Nyota_Njema:
Kwa hiyo vumbi 250,000 ni la dogo.

Babu_wa_Reidi:
Na Kigogo ni wa dogo.

Jirani_Mtata:
Nimehama siti ya mbele, nimeingia jukwaani kabisa.

Kipepeo_Bubu:
Najua. Msinihukumu, ndiyo maana nimekuja. Na nimeshatafuta njia nyingine, nilitaka tu maoni yenu kabla. Yule jamaa niliyemtaja anafanya kazi hii, anaingia kwenye akaunti yako anakukamatia. Ananiambia atatumia Master Ball ya dogo, ile haikosi. Nimempa nusu ya malipo.

Mchambuzi_Huru:
Mimi nimenyamaza muda mrefu, nikawa nahesabu. Samahani mtoa mada, hii ni chai, na ina sukari nyingi.

Moja, Rayquaza wa reidi ukimkamata anakuja kiwango cha 20, na mkamilifu kabisa ni CP 2191. Kukiwa na upepo anakuja kiwango cha 25, mkamilifu ni 2739. Hakuna namba inayofika 3012. Hiyo haipo. Mbili, reidini unarusha Premier Ball tu, ile mipira unayopewa mkishinda. Master Ball haionekani hata kwenye orodha. Mtu anayecheza reidi tisa hawezi kutojua. Mtoa mada hachezi huu mchezo, ametunga uzi ili tumbembeleze. Na huyo mdogo aliye bweni kaletwa pale alipobanwa, kama ilivyo kawaida ya nyuzi hizi.

Jirani_Mtata:
Chai imemwagika mezani.

Nyota_Njema:
Nami nilishangaa hiyo 3012, nikadhani kakosea kuandika.

Mzee_wa_Busara:
Nilisema. Uongo mtupu.

Kipepeo_Bubu:
Wakuu, naapa si chai. Mimi sijui namba, ndiyo maana nimeuliza. 3012 ni ya kwenye picha aliyonitumia jamaa, kama ushahidi wa kazi zake. Imeandikwa 3012, na chini kaandika "reidi ya leo, mpira wa kwanza". Master Ball kaitaja yeye pia. Mimi nilikuwa naona tu kwamba ipo moja kwenye mkoba wa dogo.

Kumbe haiwezekani?

Mchambuzi_Huru:
Picha yake ni ya Rayquaza aliyepandishwa kwa vumbi baadaye. Si wa reidi ya leo wala ya jana.

Basi nimekukosea, nimekuita mwongo na mwongo ni mwingine. Sasa nijibu hili bila kuzunguka: umeshampa nywila?

Kipepeo_Bubu:
...jana usiku. Baada ya ule wa tisa kutoka.

MamaDratini:
Kaka! Acha kuandika hapa. Badilisha nywila ya ile akaunti dogo anayoingilia mchezo, na ya barua pepe yake pia, kisha uondoe vifaa vyote vilivyoingia. Sasa hivi. Ukimaliza ndipo urudi.

Fundi_Simu:
Niongezee. Hawa mara nyingi wanaingia na programu ya kudanganya mahali walipo. Mchezo ukigundua, adhabu inaandikwa kwa mwenye akaunti: ya kwanza ni onyo la kama siku 7 ambapo wanyama adimu hawakutokei, ya pili akaunti inafungwa kama siku 30, ya tatu inafungwa moja kwa moja. Na kugawana akaunti kwenyewe kanuni hazikubali, pamoja na wewe na dogo wako.

Kipepeo_Bubu:
Nimechelewa kidogo ila nimewahi. Nywila nimebadilisha zote mbili. Nimekagua mkoba, Master Ball ipo, hakuna kilichoguswa. Jamaa nimemwandikia kuhusu 3012, akasoma, hajajibu. Malipo nimeshayafuta moyoni.

Ila bado naona Dragonite asingekuwa vibaya sana.

MamaDratini:
Wageuze hao Piloswine. Uliza kwanza kama dogo ana kitu anachowatunzia.

Nyota_Njema:
Kesho Jumatano kuna saa ya reidi, saa kumi na mbili jioni hadi saa moja usiku, vituo vingi vitakuwa na huyo huyo. Pasi mbili na ya bure, tatu. Wambie watu wenu wapeleke barafu. Na tumia nusu saa kabla ukijizoeza kwa wanyama wa kawaida njiani, ganda duara, subiri shambulizi, rusha.

Kobe_Asiyechoka:
Na akitokea wa rangi tofauti, hiyo ni kama moja kati ya 20, usihangaike na Golden Razz. Ukimpata tu kwa mpira anaingia. Mpe Pinap, tunda la kuongeza pipi.

Babu_wa_Reidi:
Na chaji simu.

Kipepeo_Bubu:
Mrejesho, Jumatano usiku.

Mamoswine wawili na Weavile mmoja, vumbi 60,000 lililobaki nimelimaliza juu yao. Pasi ya kwanza: mipira 13, Excellent tatu, Great tano, akatoka. Wa bure: duara liligoma kabisa, hata sitaki kuongea. Pasi ya pili: niliganda duara, mpira wa nane akaupiga, wa tisa ukapita juu, wa kumi na moja ukaingia. Ukatikisika mara tatu. Nimekaa chini palepale. CP 2118.

Pasi zote zimekwisha.

Kobe_Asiyechoka:
Hongera mkuu!! Wa kumi na moja ulikuwa Excellent?

Kipepeo_Bubu:
Great.

Mchambuzi_Huru:
2118 naikubali.

MamaDratini:
Hongera kaka. Na lile vumbi, umeshamwambia dogo?

Kipepeo_Bubu:
Bado. Anarudi Jumapili.