Naombeni ushauri: mtoto akitimiza miaka 7 naweza kumchukua kwa mama yake?

Baba Fadhili: Wakuu, usiku silali. Tuliachana 2022, mahakama ya mwanzo ikaamua mtoto abaki na mama yake kwa kuwa alikuwa na miaka mitatu. Mwezi wa nne anatimiza saba, na mtaani naambiwa akifika saba ni wa baba. Mama yake ameolewa, wanaishi watu sita chumba na sebule. Nimeshamtafutia nafasi shule ya karibu na kwangu Mbagala, darasa la tatu, na kitanda nimenunua. Nianzie wapi?

Mtoto wa Pongwe: Pambana mkuu. Mimi nimelelewa na baba wa kambo, nilikuwa nakula wa mwisho. Mpaka leo nikisikia mwiko unakwangua sufuria, moyo unashtuka.

Karani Mstaafu: Hiyo ya miaka saba watu wanaigeuza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haisemi akifika saba anahamia kwa baba. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto, na yeye mwenyewe husikilizwa kama anaweza kujieleza. Amri hubadilishwa hali ikibadilika sana. Matunzo uliamriwa kiasi gani, na unatoa?

Baba Fadhili: Hilo ni suala jingine mzee wangu. Mimi naulizia kumchukua.

Mama Watatu: Ni hilo hilo. Jibu kaka.

Baba Fadhili: Elfu themanini kwa mwezi. Nimekwama miezi tisa. Bajaji ilikuwa ya mkataba, mwenyewe akaichukua. Sasa nimepata kazi ya ulinzi. Ila nikituma hela naona namlisha mume wake. Mtoto akija kwangu si ndiyo matunzo yenyewe hayo?

Mama Watatu: Laki saba na ishirini hiyo. Wangu naye alisema hivyo hivyo, kwamba namlisha mwanaume mwingine. Mwanaume mwenyewe hakuwepo. Nilikuwa nakopa unga kwa Mangi, jina langu limejaza kurasa mbili za daftari lake, na mtoto ndiye namtuma kwa sababu mimi nimeishiwa uso.

Mzee wa Ubwabwa: Oa uzae mwingine, kesi imeisha 😂

Karani Mstaafu: Deni halijifuti kwa mtoto kuhama. Bajaji ilipoondoka ungerudi mahakamani kuomba kiasi kipunguzwe. Kunyamaza ndiko kumekuharibia.

Kijiwe Nongwa: Wakuu tunanyweshwa chai hapa. Mtoto wa miaka sita darasa la tatu? La kwanza wanaanza na sita! Jamaa hana mtoto huyu.

Mtoto wa Pongwe: Duh, kweli. Na mimi nimeshamwaga ya moyoni.

Baba Fadhili: Siyo chai. La tatu nilikisia. Sijaongea naye tangu Juni. Kwenda mikono mitupu naona aibu. Huwa nasimama kwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara, namuona anapita. Begi ni lile nililomnunulia, zipu imekufa, amelifunga kwa kamba ya kiatu.

Kijiwe Nongwa: Samahani mkuu.

Mama Watatu: Vuka barabara kaka. Mtoto haulizi umebeba nini.

Karani Mstaafu: Chukua nakala ya hukumu, chukua karatasi za miamala uliyowahi kutuma, nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Omba kupangiwa namna ya kulipa deni kidogo kidogo na siku za kumuona mtoto. Ukija kuomba akae kwako, hakimu atataka taarifa ya afisa huyo huyo. Nafasi ya shule iache kwanza.

Baba Fadhili: Jumatatu nikitoka zamu ya usiku nitapitia. Shule nitaiacha. Kitanda sirudishi.