Silinda ya injini ya mvuke imejaa vishimo, naomba ushauri

Kijana wa Mkomani: Wakuu, habari za jioni. Niko Lamu, naunda injini ndogo ya mvuke ya kutia kwenye mashua ya mfano. Silinda nimeisubu mwenyewe, yaani kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu, uani kwa mkaa wa vifuu na feni ya kupuliza, kisha nikaenda kuikereza. Tundu lina upana wa milimita 25. Nilipofika ndani nikakuta vishimo kama vya chila. Mvuke si utavujia humo? Je, kisu ndicho kibaya? Nisaidieni, silali.

Mpwani Halisi: Kisu hakichimbi vishimo, yakhe. Mchanga wa kalibu umetoa wapi?

Kijana wa Mkomani: Shela. Mweupe, laini.

Fundi Keekee: Mchanga wa pwani una chumvi na makombe yaliyosagika. Makombe yakipata moto mkali hutoa hewa, sawa na matumbawe yanavyochomwa kuwa chokaa, na hewa hiyo inaingia kwenye kazi yako. Tafuta mchanga usio na makombe, uoshe, uanike, uchanganye na udongo wa mfinyanzi kama sehemu moja kwa kumi. Maji tia kiasi cha kushikamana ukifinya, basi. Yakizidi, shaba itakurukia usoni. Toboa njia za hewa kwa spoku ya baiskeli. Lakini hujasema umeyeyusha nini.

Kijana wa Mkomani: Shaba.

Fundi Keekee: Shaba gani?

Bi Rukia: Mwanangu, uani kwenu hakuna kamba ya nguo? Mnawatia wenzenu masizi. Injini ya mvuke mimi nilizichoka Mombasa, marehemu mume wangu alikuwa reli. Zile injini kubwa za treni, Garratt, zikipita, shuka zote zinageuka rangi. Leo moja imo makumbusho ya reli Nairobi, watu wanalipa kuiona. Sisi tulifua bure.

Kijana wa Mkomani: Pole, mama. Fundi, ni shaba ya njano tu, ya zamani. Kwani kuna tofauti? Ilitoa moshi mweupe, unga mweupe ukaganda ukingoni mwa chungu. Usiku nikatetemeka, nikameza dawa ya malaria, kesho yake nikawa mzima.

Fundi Keekee: Hiyo haikuwa malaria! Ni moshi wa zinki. Zinki peke yake huchemka kwenye nyuzi 907, na shaba ya njano huyeyuka nyuzi 900 na kitu. Ukiiacha motoni ikapata moto kupita kiasi, zinki inatoka ndani yake. Nusu umeivuta wewe, nusu imebaki mapovu kwenye silinda. Sasa sema kweli: ilikuwa mabomba, makufuli, au nini?

Kijana wa Mkomani: Upatu.

Mpwani Halisi: Upatu wa nani?

Kijana wa Mkomani: Wa bibi. Ulikuwa stoo, una ufa, haulii vizuri. Na sijayeyusha wote, nusu bado ipo. Hata hivyo shaba ikikaa stoo inamfaa nani?

Bi Rukia: Subhanallah! Umekata upatu wa harusi?

Mpwani Halisi: Msimuonee. Siwa, lile baragumu la shaba lililo makumbusho ya Lamu, si ilisubiwa? Wazee wetu walikuwa mafundi.

Bi Rukia: Walisubu siwa, hawakuyeyusha siwa.

Mtu wa Maweni: Samahanini, mimi nipo Malindi na siamini hata neno moja. Lamu magari yenyewe ni ya kuhesabu, kerezo la chuma litoke wapi? Bibi, upatu, ufa, mashua. Kisa kimekamilika mno. Huyu anatunga.

Mpwani Halisi: Gari na kerezo wapi na wapi? Injini za maboti huku anazitengeneza nani, majini?

Mtu wa Maweni: Basi atuambie vinyoleo vya shaba vinatokaje.

Kijana wa Mkomani: Vinaruka vidogovidogo, vinachoma mkono, vinaingia hadi ndani ya kola. Havijisokoti kama vya chuma cha pua. Na kisu nimekinoa uso bapa, maana kikiwa na mwinamo kinajivuta chenyewe ndani ya shaba na kung'oa kazi kwenye taya. Kerezo ni la karakana moja ya maboti, naruhusiwa baada ya alasiri.

Mtu wa Maweni: Hayo yote yako YouTube. Weka picha.

Kijana wa Mkomani: Picha siweki. Dada zangu wamo humu.

Mtu wa Maweni: Si niliwaambia?

Fundi Keekee: Atunge asitunge, jibu langu ni lilelile. Usisubu tena kwa zinki. Ninalo bushi kuukuu la shafti ya jahazi, shaba iliyochanganywa na bati, gumu na halina moshi ule. Likate, likereze, kusubu hakuna. Tundu lote lichonge bila kuifungua kazi kwenye kerezo, ndipo litanyooka. Na boila usiiunge kwa risasi ya kuungia nyaya za redio, itaachia. Ijaze maji, uipime kwa mgandamizo mara mbili ya ule utakaotumia, kabla ya moto wowote.

Kijana wa Mkomani: Boila nimeshaiunga, fundi. Kwa risasi. Lakini moto nitautia mdogo.

Bi Rukia: Na bibi yako?

Kijana wa Mkomani: Namwambia baada ya harusi ya binamu yangu. Fundi, hilo bushi unauza kwa kilo?