Kundi la WhatsApp la Wana wa Kibokoni, Mombasa: Salma yuko Dubai, Khalti ataka kwenda

Khalti Zuhura: Asalaam alaykum nyote. Salma mwanangu, mumefika salama? Nakupigia hapa WhatsApp yalia tu, hushiki.

Salma: Waalaykum salaam Khalti. Tumefika alhamdulillahi. Simu za WhatsApp huku hazipiti, zimefungwa. Maandishi na sauti za kurekodi zapita. Ukitaka kunipigia hasa ni simu ya kawaida, na hiyo tutalia sote wawili, wewe kwa kupiga mimi kwa kupokea 😂

Ami Athman: Kupokea pia walipa?

Salma: Kwa laini ya nyumbani, ndiyo Ami. Data ya hiyo laini nimeizima tangu ndani ya ndege. Zile picha za arusi mlizomimina humu zingeshuka zote zenyewe, nikalipia arusi mara ya pili. Nimenunua laini ya hapa.

Khalti Zuhura: Nauliza kwa sababu kuna ajenti hapa mjini ameniletea tangazo. Disemba, shule zimefungwa. Tiketi, viza, hoteli na chai ya asubuhi. Asema kila kitu ndani. Nataka niwachukue wale watoto na mama yao.

Fahmi: "Kila kitu ndani" 👀

Khalti Zuhura: Hayo macho ya nini?

Salma: Khalti, muulize hili tu: nikifika kaunta ya hoteli kuna cha kulipa? Akikwambia "kidogo tu" usikubali. Akutajie ni ngapi.

Salma: Sisi tumefika usiku, watoto wamelala mabegani, karatasi yasema hoteli imelipwa. Yule kijana wa kaunta, mpole wallahi, akatugeuzia skrini. Dirhamu 15 kwa kila chumba kwa kila usiku, ya serikali. Nasi tuna vyumba viwili. Kisha akaomba kadi azuie 500 za amana, huenda tukavunja kitu.

Ami Athman: Wizi huo.

Fahmi: Si wizi Ami. Hiyo ya kwanza yaitwa Tourism Dirham, iko tangu 2014. Yaenda kwa nyota za hoteli, kuanzia 7 mpaka 20. Serikali ya kule haikuificha. Ajenti yeyote anayeuza Dubai anaijua.

Ami Athman: Basi wizi ni wa huyo ajenti anayejua akanyamaza.

Fahmi: Hapo tuko pamoja.

Nuru: Dirhamu moja ni ngapi kwetu?

Fahmi: Hesabu kama 35. Imefungwa na dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja, haipandi haishuki. Inayocheza ni shilingi yetu.

Nuru: Kwa hivyo Salma atoa elfu na kitu kila usiku kwa vyumba viwili alivyokwisha kulipa 🙆🏽‍♀️

Salma: Na hiyo ndiyo nafuu. Iliyoniuma ni amana. Kadi ya mume wangu Abdu ni ile ya kawaida ya benki, si ya mkopo, pesa ikatoka kwenye akaunti papo hapo. Ujumbe wa benki umeingia hata ufunguo hatujapewa. Elfu kumi na saba na nusu. Wataiachia siku ya kutoka, lakini kurudi kwenye akaunti yaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki kadhaa. Pesa ni yetu na hatuwezi kuigusa.

Fahmi: Khalti, hiyo ndiyo ya kujipanga nayo. Ukienda na pesa ya kukutosha tu, amana itakula chakula cha watoto. Waulize kama wapokea amana ya taslimu, uidai mkononi ukitoka.

Khalti Zuhura: Haya. Na teksi je? Hapo sitaki maneno mengi.

Salma: Zina mita, hakuna kupatana. Ila ukiichukulia uwanja wa ndege mita yaanza na 25, hata hujaketi vizuri. Na barabara zina malango ya kulipia, Salik, kila mkipita yaongezwa kwenye nauli.

Fahmi: Treni ya Metro ni rahisi sana lakini yafika terminali 1 na 3. Ya 2 haifiki. Angalia tiketi yako yashuka wapi.

Salma: Na humo ndani hakuna kula wala kunywa, faini 100. Khalti, nakujua na kibuyu chako cha chai. Ami naye akiingia behewa la wanawake, 100 nyingine.

Ami Athman: Mimi siendi popote. Nina feri yangu ya Likoni, navuka kwa miguu bure.

Nuru: 😂😂

Salma: Kisha leo mchana nimeona kitu. Nanunua mikate na maziwa, mashine ya kadi yaniuliza nilipe kwa shilingi au kwa dirhamu. Shilingi zimeandikwa kubwa, na bei kamili chini yake. Muuzaji kidole kishaelekea kwenye shilingi, ati anirahisishie. Nimemshika mkono.

Fahmi: Ahsante! Daima dirhamu. Ukichagua shilingi, wenye mashine ndio wanaokupangia bei ya kubadilisha, na faida yao imo humo. Ni vivyo hivyo Istanbul, London, popote. ATM pia zauliza.

Khalti Zuhura: Mimi nilidhani wanatuheshimu kutuandikia shilingi.

Fahmi: Na kama hoteli utaitafuta mwenyewe mtandaoni, shuka mpaka chini kabisa kwa maandishi madogo. Dubai kuna asilimia 10 ya huduma, 7 ya manispaa na VAT 5. Baadhi ya kurasa hukuonyesha bei bila hizo, wewe wafurahi, kumbe zaja mwisho.

Nuru: Salma habibty, maadam uko huko, udi kidogo tu. Na abaya moja, saizi waijua. Na yale mafuta ya nywele ya chupa kubwa.

Mwanakombo: Na mimi kiatu cha Yusuf, 38. Pesa ntakupa ukija.

Ami Athman: Nawaambieni kweli, nimewaona watu wakirudi kutoka Dubai tangu nikiwa kijana. Hoteli haimfilisi mtu. Zamfilisi hizi "kidogo tu" zenu.

Salma: Ami umesema. Mafuta ya chupa kubwa yana kilo yake. Mzigo ukizidi, ukalipia pale uwanjani, ni ghali kuliko ukinunua kilo mapema mtandaoni. Usiku ule wa kuondoka nimemwona mama mmoja hapo uwanja wa Moi, Mombasa, amefungua sanduku sakafuni, agawa nguo kwa watu asiowajua wambebee.

Nuru: Basi mafuta wacha. Udi haulemei.

Fahmi: Salma, ukinunua vya zaidi ya dirhamu 250 kwenye duka lililo kwenye mpango wa kurudisha VAT, toa pasipoti hapo hapo kaunta wakuandikishe. Siku ya kurudi pitia mashine zao kabla hujakabidhi masanduku. Wanakata ada yao lakini kinarudi kitu.

Salma: Hiyo sikuambiwa na mtu. Kesho nabeba pasipoti.

Fahmi: Na viza yenu msiipitilize. Kila siku ya ziada ni 50.

*(Baada ya Magharibi)*

Khalti Zuhura: Nimempigia ajenti. Nimemuuliza ya kaunta, kapiga kimya. Kisha asema ada ya chumba haimo. Amana haimo. Kutoka uwanja wa ndege mpaka hotelini, haimo. Safari ya jangwani aliyoweka picha ya ngamia pale juu, haimo pia.

Ami Athman: Kwani ndani mna nini?

Khalti Zuhura: Mna chai ya asubuhi.

Nuru: 😂😂😂

Khalti Zuhura: Nimemwambia aniandikie upya, kila kimoja na dirhamu zake, kisha ndo nitoe arbuni. Asema Jumatatu.

Salma: Watoto ulishawaambia?

Khalti Zuhura: Hawajui. Na nyinyi msiwaambie, simu yangu huchezewa na yule mdogo. Nafuta hizi sasa hivi.